Digrii Milioni Moja, kwa Sauti Yake Mwenyewe

Ijumaa, Agosti 1969. Kiangazi, vumbi hewani, milima ya Kongo imefutika ng'ambo ya ziwa.

Joto la angahewa ya nje ya Jua linazidi digrii milioni moja.

Amesema hivyo asubuhi ya leo profesa mmoja Mbelgiji, mwanamke mwenye mvi fupi, ambaye kazi yake ni kupima mwanga wa Jua kwa vyombo vinavyorushwa na roketi. Alisema mbele ya ukumbi uliojaa, katika shule ya mapadri huko juu mlimani, ambako kaka yake anafundisha fizikia. Alikuja kumsalimu kaka yake tu. Hotuba aliombwa.

Nimeiweka sentensi hiyo juu kwa sababu ndiyo habari. Yanayofuata ni yangu mwenyewe.

Nina furaha leo, na si furaha nzuri.

Masika iliyopita niliisoma sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno, katika taarifa yetu ya habari ya redio, saa moja jioni. Ilikuja kwenye teleksi kutoka shirika la habari, kwa Kifaransa, mistari michache. Niliitafsiri mwenyewe, nikaisoma mwenyewe. Habari za jioni nilikuwa nazisoma tangu kabla bendera ya Ubelgiji haijashushwa. Nimetangaza mawaziri walioapishwa na mawaziri waliofukuzwa, nimetangaza siku nchi ilipoacha kuwa na mfalme. Katika muda wote huo sikuwahi kusoma masahihisho.

Kesho yake mkuu wa idara yetu ya Kiswahili aliniita. Jina lake Evariste, lakini sote tunamwita chef, yaani mkuu, kwa Kifaransa. Mezani alikuwa ametandaza karatasi mbili za teleksi. Moja ni ile yangu. Ya pili ilitoka shirika jingine, ilihusu jambo jingine kabisa, na mahali fulani katikati yake iliandikwa kwamba uso wa Jua una joto la digrii elfu sita hivi.

Idara yetu ina kanuni ambayo chef mwenyewe aliileta. Mashirika mawili yakitoa namba mbili kwa jambo moja, tunachukua ndogo. Kwa waliokufa vitani, kwa watu waliojaa uwanja wa mpira, kwa wakimbizi waliovuka mto Rusizi, ni kanuni nzuri. Imetuokoa mara nyingi. Namba ndogo unaweza kuiongeza kesho. Kubwa ukishaitangaza huwezi kumrudisha mtu aliyekimbia nyumba yake kwa hofu.

Nilimwambia, "Chef, hizi si namba mbili za jambo moja. Hii ni ya uso, hii ni ya angahewa iliyo nje ya uso."

Akagonga karatasi kwa penseli, akajibu kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Namba mbili, jua moja. Tunachukua ndogo."

"Ni sehemu mbili za jua moja."

"Na wewe ulishafika huko? Moto unapungua kadiri unavyotoka nje. Hata mtoto anajua."

Sikubishana zaidi. Sibishani na mtu aliyeshika penseli.

Kanuni ya pili, ambayo pia ni yake: aliyekosea hewani ndiye anayesoma masahihisho, kwa sauti yake mwenyewe, saa ile ile, jioni tatu mfululizo. Hakuna kumtuma mwenzako. Chef anasema msikilizaji ana haki ya kusikia kosa likirudi katika koo lililolitoa.

Nilisoma. Jioni tatu. "Kituo kinaomba radhi. Joto la Jua ni digrii elfu sita, si milioni moja kama ilivyotangazwa." Nilisoma vizuri, bila kukohoa, nikijua kwamba kila mara ninaposoma ninadanganya.

Wiki iliyofuata habari za jioni akapewa shemeji yake chef. Mimi nikapewa matangazo ya vifo ya alfajiri.

Kazi ya vifo si ya aibu. Watu wa Kinama, wa Gasenyi, hata wa ng'ambo kule Uvira, wanakaa na redio sikioni wakisubiri jina la ndugu yao. Inataka usahihi kuliko habari zote. Ukikosea jina la marehemu, umezika mtu aliye hai. Lakini sikuichagua. Niliwekwa huko kama adhabu ya kusema kweli, na hilo nimelimeza kila alfajiri pamoja na chai.

Mtaani ikawa mbaya zaidi. Sokoni Jabe muuza nyama ninayemfahamu tangu ujana wetu alinipa jina siku ile ile ya masahihisho ya kwanza, na limeganda.

"Milioni! Kuya hapa, Milioni! Leo jua iko na digrii ngapi?"

"Nipimie nyama, bwana."

"Nikupimie mi? We ndo fundi wa kupima! Jamani, mpisheni Milioni, asije akaungua."

Soko zima linacheka. Ninacheka nao kidogo, kwa sababu asiyecheka huongezewa. Binti yangu Zaina aliulizwa shuleni kama baba yake ndiye Milioni. Hilo la Zaina nimeliweka mahali pake na sikulisahau.

Kwa hiyo niliposikia, siku chache zilizopita, kwamba profesa wa mwanga wa Jua yuko mjini na atazungumza mlimani, niliazima mashine ya kurekodia kutoka kwa fundi mitambo wa kituo na nikapanda mlima asubuhi kwa miguu yangu, baada ya kumaliza vifo. Hakuna aliyenituma. Tangu watu watembee mwezini mwezi uliopita, mji mzima una njaa ya mambo ya angani. Ukumbi ulijaa: mapadri, walimu, wanafunzi waliobaki likizo, wafanyabiashara wawili watatu waliokuja na wake zao. Nikakaa mstari wa mbele pembeni, mashine magotini.

Chef naye alikuwepo, kiti cha katikati, tai shingoni. Ameletwa kumkaribisha mgeni kwa niaba ya kituo.

Yule profesa anaeleza vizuri. Nimesikia wataalamu wengi na wengi wao hujificha nyuma ya maneno. Huyu hapana. Alisema kwa Kifaransa, nami natoa hapa kwa ufupi, kama ninavyotoa habari.

Uso wa Jua, ule tunaouona ukizama ziwani, una joto la digrii elfu sita hivi. Nje yake kuna angahewa nyembamba mno, ambayo jicho huiona tu wakati Jua limepatwa, kama mwanga mweupe unaozunguka duara jeusi. Kipimajoto hakiwezi kupelekwa huko. Kwa hiyo wanausoma mwanga. Uko mwanga unaopita zambarau, uitwao urujuanimno, ambao jicho halioni, na hewa iliyo juu yetu huumeza mwingi wake kabla haujatufikia. Ndiyo maana chombo kinapandishwa juu ya hewa kwa roketi, kiunase huko, kiupasue mistari mistari. Kila mstari ni alama ya kitu fulani kinachowaka.

Mistari mingine ni ya chuma.

Chuma kile kile cha jembe na cha baiskeli, alisema, lakini huko ni gesi. Atomi moja ya chuma ina elektroni ishirini na sita. Joto linapozidi, zinang'olewa moja baada ya nyingine. Akaangalia mapadri waliokaa na kanzu zao nzito, akatabasamu.

"Baba Padri akija amevaa koti, kanzu na fulana, najua nje kuna baridi. Akija na kanzu na fulana, kuna joto kiasi. Akija na fulana peke yake, sihitaji kipimajoto."

Ukumbi ulicheka, na mapadri walicheka kuliko wote.

Chuma cha huko, alisema, kimevua karibu nusu ya nguo zake. Kila hatua ya kuvua ina mistari yake ya urujuanimno. Ukilinganisha mistari ipi inang'aa zaidi, ya chuma kilichovua kidogo au ya kilichovua sana, unapata joto. Chini ya digrii milioni moja chuma hakifiki uchi wa namna ile.

Mwalimu mmoja akauliza kwa nini nje kuwe na joto kuliko ndani. Akajibu: "Bado hatujui kwa hakika. Tunajua kwamba ni hivyo. Hatujui sababu."

Niliandika jibu hilo pembeni kwa herufi kubwa. Katika miaka yangu yote ya kazi, ni wachache walionipa jibu safi kama hilo.

Hapo ndipo chef aliposimama.

Sikumsukuma. Sikumtegea. Alisimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba anamshukuru Madame, ila angependa awaambie watu waziwazi ile namba sahihi, elfu sita, kwa sababu hapa mjini kuna mtangazaji aliyewahi kuwatisha wasikilizaji na mambo ya mamilioni, na kituo kikalazimika kumsahihisha.

Nina hakika hakuwa amesikiliza hotuba. Alikuwa akiandaa maneno yake ya shukrani.

Profesa aliuliza, "Mtangazaji huyo alisema milioni mahali gani? Kwenye uso?"

Chef akajibu: "Alisema... angahewa ya nje."

"Basi mtangazaji wenu alisema kweli. Elfu sita ni ngozi ya Jua. Mliomsahihisha ndio mliokosea. Huyo bwana yuko wapi?"

Vichwa viligeuka. Wengi wananijua kwa sura, wote wananijua kwa sauti. Sikuinua mkono. Niliangalia kama kanda inazunguka.

Ilikuwa inazunguka.

Niliwahi swala ya Ijumaa. Nakiri kwamba mwili wangu ulikuwa msikitini na roho yangu ilikuwa ndani ya ile mashine. Imamu alizungumzia subira. Nilimsikia, na nikaona kwamba nimekuwa nayo ya kutosha tangu masika.

Baada ya swala nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa kituo. Ni mtu wa maneno machache. Nikamwekea kanda. Akaisikiliza, akaniambia nirudishe nyuma, akaisikiliza tena.

"Kanuni ya masahihisho ni ya nani?" akauliza.

"Ya chef."

"Inasemaje?"

Nikamwambia inavyosema.

"Nani alikosea hewani?"

"Aliyeandika masahihisho. Mimi nilipewa kuyasoma tu."

Akafungua dirisha, akaagiza chef aitwe. Sikukaa kusikia. Nilikwenda mezani kwangu, pale kona ya vifo, nikapanga majina ya kesho.

Chef alikuja jioni, watu wamepungua. Alivuta kiti, na huyo si mtu wa kuvuta kiti mbele yangu. Kwa mara ya kwanza hakusema Kifaransa nami. Chef anaandika Kiswahili vizuri, lakini alikijifunza kwenye karatasi. Kukisema kunamkwamia kooni, na anajua kwamba mitaa yote ya Buyenzi na Jabe inajua. Ndiyo maana hajawahi kukaa mbele ya maikrofoni hata mara moja tangu apewe kiti kile.

"Sikia, mzee," akasema. Sijawahi kuwa mzee wake. "Tuongee kama wanaume."

"Ongea, chef."

"Ile masahihisho isomwe. Mi sikatai. Asome shemeji. Halafu Alhamisi we unarudi kwenye habari za jioni. Yeye nitamutafutia kazi ingine."

"Na kanuni?"

"Kanuni ni watu, mzee."

"Uliponisomesha mimi masika, haikuwa watu."

Akajifuta paji la uso. "Mi nitasoma je? We unajua sauti yangu. Bale batu ba soko batanicheka mpaka nikufe."

"Wamenicheka mimi. Niko hai."

Akasukuma kiti nyuma. Kisha yule chef wa siku zote akarudi usoni mwake. "Sawa. Mukurugenzi ameamuru nisome. We ukimuambia umeridhika, ataniacha; ukikataa, nitasoma. Lakini zamu za watangazaji ninapanga mi. Nikisoma ile kitu, we utabaki na maiti zako mpaka siku nitatoka kwenye kile kiti. Chagua."

Ni kweli kwamba anazipanga yeye. Mkurugenzi haingilii zamu. Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na vitu viwili: habari zangu za jioni, au sauti yake.

Sikuomba muda wa kufikiri.

"Usome," nikasema.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu tulipokuwa tunakula. Mama Zaina hapigi kelele. Aliweka kijiko chini.

"Baba Zaina, ule mutu ameshakubali. Amekupatia kazi yako mukononi. Unataka nini tena?"

"Asome."

"Na mi niamuke alfajiri nikupashie maji mpaka lini?"

"Nitapasha mwenyewe."

"We? Maji utayachoma."

Zaina alicheka. Nami nilicheka. Kisha mke wangu akasema jambo ambalo bado liko nami ninapoandika: "Haufanyi hii juu ya jua. Unafanya juu yako."

Ni kweli. Jua halijali. Lingeendelea kuwa na milioni yake hata kama mji mzima ungeapa kwamba ni elfu sita. Ningeweza kuandika hapa kwamba ninapigania ukweli, na wasomaji wangeniamini, kwa sababu nina sauti ya mtu anayeaminika. Lakini ninataka yule mtu akae pale nilipokaa, taa ile ile nyekundu ya maikrofoni imewaka, mate yamkauke kama yalivyonikauka. Ninataka muuza nyama amsikie. Ninataka walimu wa Zaina wamsikie.

Habari za jioni nilizipenda. Hili nimelilipia kwa hizo. Nikiulizwa leo kama ni ghali, nitasema ndiyo.

Sijutii.

Kwa kanuni zetu, anayedai masahihisho ndiye anayeyaandika. Baada ya kula nilirudi ofisini, nikakaa kwenye mashine ya kupiga chapa. Nakala ya kwanza ilikuwa ndefu na ilikuwa na sumu. Ilikuwa na jina lake, cheo chake, ilikuwa na neno "kwa ujeuri". Nikaisoma kwa sauti. Ilisikika kama mtu anayelia. Nikaichana. Nakala ya pili nilitoa kila neno linaloelezea, nikaacha yale yanayosema tu. Ikawa fupi, na ikawa kali kuliko ya kwanza:

"Mimi, mkuu wa idara ya Kiswahili, masika iliyopita niliamuru kisomwe kisicho kweli. Mtangazaji wetu alikuwa sahihi. Joto la angahewa ya nje ya Jua linazidi digrii milioni moja, na huenda likafika milioni mbili. Hilo limepimwa kwa mwanga wa urujuanimno. Naomba radhi."

Hilo la milioni mbili ni la profesa. Alilisema mwishoni alipoulizwa joto linaweza kupanda mpaka wapi.

Chef alikuwa bado ofisini kwake, mlango wazi. Nikamwekea karatasi. Aliisoma midomo ikitikisika, akijaribu matamshi. Alipofika kwenye "urujuanimno" alifumba macho. Halafu, kwa mazoea ya miaka, mkono wake ukachukua penseli.

"Hapa kuna namba mbili," akasema.

"Ndiyo, chef."

"Moja, na mbili."

"Ndiyo."

Akaninyanyulia macho. Kanuni ni yake. Si kazi yangu kumkumbusha wala kumzuia. Akashusha penseli, akakata kuanzia "na huenda" mpaka "milioni mbili", mstari mmoja ulionyooka, akaandika herufi za jina lake pembeni kama anavyofanya kwa kila karatasi. Kwa mara hii kanuni haikuharibu kitu. Kinachozidi milioni moja kinazidi milioni moja, hata kikifika mbili.

Nikaichukua karatasi na kuisoma njiani, chini ya taa ya barazani. Sentensi iliyobaki ilikuwa ile yangu ya masika. Neno kwa neno, kuanzia "Joto" mpaka "moja". Ile aliyoikataa masika na penseli ile ile mkononi, ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe na kuisaini.

Sijui kama aliona. Nadhani hakuona. Atakapoisikia kinywani mwake, ataona.

Kesho alfajiri nina majina ya marehemu, mawili ni ya Gasenyi, nimeshayahakiki. Jumapili nitakwenda sokoni Jabe kununua nyama, na nitamwambia muuza nyama asikose redio, bila kumwambia sababu.

Jumatatu saa moja kamili jioni anasoma. Jumanne anasoma tena, na Jumatano. Nimemwomba fundi mitambo anipishe kwenye kiti cha upande wa pili wa kioo cha studio kwa jioni hizo tatu, naye amekubali. Taa nyekundu nitaiwasha mimi.